Fanicha ya mtumba si aibu, aibu ni kunguni

Sisi hapa Ikonda hatujambo. Baridi inatutafuna kama kawaida yake, mafua yanapokezana zamu kwa wanangu watatu, lakini uhai upo. Leo sikuja kulalamikia mafua. Leo nataka tuongee fanicha.

Hawa vijana wanaoanza maisha wamenichosha, bwana. Kila nikishuka Njombe au Makambako nakutana na mmoja, ananivuta pembeni kama anataka kunikopa. "Dada, nimepanga chumba. Nina godoro na ndoo mbili. Nikope ninunue kabati jipya, au nichukue lile la mtumba?" Neno mtumba analisema kwa kunong'ona. Shati alilovaa ni la mtumba, viatu vya mtumba, koti la baridi ni la mtumba kutoka huko Ulaya, na wala haoni haya. Ila kochi la mtumba atalisubirisha mpaka giza liingie ndipo alibebe, majirani wasione. Utadhani kaiba.

Mimi nasema hivi: fanicha ya mtumba si aibu. Aibu ni kununua bila kukagua, ukaingiza ndani kunguni wa mwenzio. Na aibu nyingine ni kuanza kuikarabati, ukaishia katikati, ikakaa uani mwaka mzima kuku wakitagia. Haya mawili ndiyo mada yetu ya leo, kaa mkao wa kula.

VITU VINAVYOHAMA NA WATU

Wewe usiyeifahamu Ikonda, iko wilaya ya Makete, mkoa wa Njombe, juu huku milimani. Kinachotutangaza ni Hospitali ya Consolata. Wagonjwa wanatoka Mbeya, wanatoka Songea, wanatoka hadi Dar. Kuizunguka hospitali kuna gesti, mama ntilie, maduka, na nyumba za kupanga za wafanyakazi. Sasa penye wafanyakazi pana uhamisho. Mtu akipata kazi mkoa wa mbali, hawezi kukodi Fuso kwa ajili ya kabati na meza moja. Anauza. Anauza upesi, na anauza kwa bei ya mtu mwenye haraka. Habari zinafika sokoni kabla hajamaliza kufunga mabegi.

Na tangu barabara ya Njombe hadi Makete iwekwe lami, kazi imekuwa nyepesi zaidi. Zamani mvua ikinyesha, meza ilifika na miguu mitatu. Siku hizi unaipakia Makambako au Njombe mjini, inafika nzima.

Kwa hiyo huku kwetu fanicha ya mtumba si kitu cha ajabu. Kinachotakiwa ni macho.

PAINA MBICHI NA MNINGA MZEE

Najua utaniuliza: sasa dada, ninyi mnaokaa katikati ya misitu, mnahangaika na mbao kuukuu za nini? Swali zuri. Mkoa wetu ni wa miti ya kupandwa. Njombe pale kampuni ya TANWAT iko na miwati yake tangu mwaka 1949. Jirani zetu wa Mufindi wana Sao Hill, shamba la miti la serikali kubwa kuliko mengine yote nchini. Makete yenyewe kila kilima kina paina na milingoti. Mbao ziko tele.

Paina si mti mbaya, asikudanganye mtu. Mapaa mangapi ya nchi hii yamesimama kwa paina? Tatizo ni haraka yetu. Mti unaangushwa wiki hii, unapasuliwa, na kabla maji hayajamtoka vizuri keshakuwa kitanda, kapakwa vanishi ing'ae, kapelekwa dukani. Mbao mbichi ikikauka inasinyaa na kupinda. Baada ya miezi michache mlango wa kabati haufungi, droo inakwama, kitanda kinalia usiku mpaka majirani wanaguna.

Fanicha iliyokaa miaka 20 au 30 ilishamaliza kusinyaa zamani. Ilichotaka kupinda ilishapinda, unakiona kwa macho. Na ukibahatika, utakuta ni mninga. Mninga hauoti huku kwenye baridi yetu, ni mti wa misitu ya miombo kwenye joto, upande wa Tabora, Katavi, Ruvuma na kwingineko. Ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu. Mbao yake mafundi wanaipenda kwa sababu ikishakauka haichezichezi, hata ukiihamisha kutoka penye joto kuileta penye unyevu. Bei ya mninga mpya leo ukiisikia unatafuta pa kukaa. Ya zamani mtu anakuuzia kwa bei ya paina kwa sababu imepakwa rangi ya kijani na mguu mmoja unalegea.

KIPINDUE KWANZA

Ukaguzi hautaki digrii. Mimi nina hatua zangu, na wala sizifanyi kwa kificho. Mwenye mali akinuna, anune.

Kwanza, kipindue. Juu ya meza ni pa kupendezea wageni, ukweli uko chini. Huko hapajapakwa rangi, utaona mbao yenyewe. Bonyeza kwa ukucha: ikibonyea kirahisi, na ni nyeupe-njano yenye vifundo, hiyo ni paina. Ikiwa nzito, ya kahawia inayoelekea wekundu, na ukucha wako ndio unaoumia, endelea kuongea bei kwa upole.

Pili, tazama maungio. Fundi wa zamani alichonga ulimi kwenye ubao mmoja na tundu kwenye mwingine, vikaingiana. Kiungo kama hicho kikilegea kinatengenezeka. Kikiwa kimeshikwa kwa misumari tu, kila ukipigilia mmoja zaidi ubao unapasuka. Vuta droo, tazama kona zake: kama mbao zimeumana kama meno, hiyo kazi ya mtu aliyejua anachofanya.

Tatu, tafuta unga. Vitobo vidogo kama vya pini si lazima vikutishe, huenda wadudu walishaondoka. Gonga ubao kwa nyundo. Ukidondoka unga laini mpya, wako ndani wanakula, waache hapo hapo na chakula chao. Kama ubao unasikika mtupu na ncha ya kisu inazama, mchwa alishakutangulia.

Nne, ndiyo yenyewe, kunguni. Washa tochi ya simu, tazama kwenye maungio ya kitanda, matundu ya skrubu, mishono ya kochi. Vidoa vyeusi kama vya wino wa kalamu ya nyoya, magamba membamba, vimayai vyeupe: usiongee bei tena, aga uondoke. Kuna watu wanasema baridi ya Makete inaua kunguni. Thubutu! Kunguni anakaa miezi bila kuonja damu, na penye baridi ndiyo anadumu zaidi maana mwili wake unakwenda polepole. Kinachommaliza ni joto kali, maji yanayochemka yakiingia mpaka ndani ya nyufa. Kitanda cha mbao unaweza kukimwagia, ingawa gundi nayo italegea na utaunga upya. Kochi huwezi. Kwa hiyo kochi la kitambaa usilinunue mpaka uwe tayari kuvua kitambaa chote, kutupa sponji yote, na kubaki na fremu tupu. Ukiona gharama hiyo huiwezi, nunua stuli.

MEZA YA BABA YAKE

Sasa nikupe mfano wa nyumbani kwangu, maana nadharia haipikwi.

Mwaka jana mwanangu mkubwa alikuwa darasa la nne, na mwisho wa mwaka kuna mtihani wa taifa wa upimaji. Mtoto alikuwa anafanya kazi za shule juu ya kitanda, daftari limekunjamana, mdogo wake wa miaka miwili anampanda mgongoni. Tulihitaji meza. Mfuko ulikuwa umechacha, maana bibi yao, yaani bibi mzaa baba wa mume wangu, alikuwa anakuja kliniki ya presha na anafikia kwetu, na mgonjwa nyumbani ana bajeti yake.

Kumbe meza ilikuwepo. Ilikuwa stoo kwa bibi kijijini, imefunikwa magunia ya viazi, juu yake wamelala panya. Ni meza ya marehemu baba mkwe. Aliitengeneza mwenyewe kwa mninga. Baba mkwe alifariki mwaka 1996, mama mkwe akafuata baada ya mwaka mmoja. Msomaji wa rika langu aliyekulia Makete hahitaji kuelezwa. Miaka hiyo UKIMWI ulipita kwetu nyumba kwa nyumba, na dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Wengi hawakufika huko. Wakabaki mabibi na wajukuu. Mume wangu alikuwa na miaka mitano. Baba yake anamjua kwa picha moja na kwa hiyo meza.

Akatokea mnunuzi mmoja kutoka Makambako, wale wanaozunguka vijijini kutafuta mbao za zamani. Akaiona, akaigonga, akatoa sh. 180,000 taslimu. Hela hiyo ingenunua meza mpya ya paina, viti vinne, na chenji ya dawa za bibi. Mimi moyoni nilishaanza kupiga hesabu. Baba watoto akasema haiuzwi. Nikamwambia sawa, basi ije hapa itengenezwe mtoto asomee. Akasema haiguswi.

Haiuzwi, haiguswi! Sasa mwenzangu, hapo unafanyaje? Siku tatu tuliongea kwa kupitia watoto: "Mwambie baba yako chakula tayari." Si ugomvi wa meza ule. Mtu anaogopa kwamba ukipiga msasa, unafuta mkono wa baba yake.

Aliyemaliza kesi ni bibi. Alikuwa anaota moto, akatusikiliza, kisha akamwambia mjukuu wake: "Baba yako aliitengeneza ili mle juu yake. Wewe umeipa panya. Panya walimfahamu baba yako?"

Jumamosi iliyofuata meza ilipanda pikapu ikaja Ikonda.

Tukaipindua uani kuikagua. Chini ya ubao wa juu kulikuwa na maandishi ya penseli, yamekaa humo miaka yote. Vipimo: futi tano na inchi mbili, futi mbili na nusu. Pembeni hesabu ya kugawanya, imekatwa kwa mstari, ikapigwa upya. Mwaka 1988. Baba watoto alichuchumaa akaisoma mara nyingi. Kisha akamwita mwanaye: "Njoo uone, babu yako naye alikuwa anakosea hesabu." Kwa mtoto anayesubiri mtihani wa taifa, hakuna maneno mazuri kuliko hayo.

NUSU SAA KWA NUSU SAA

Haya, tuje kwenye kazi. Watu wenye watoto wanakwama kwa sababu wanasubiri siku nzima ya nafasi. Mwenzangu, hiyo siku haiji. Ukiwa na watoto watatu, duka, mgonjwa na shamba la viazi, una nusu saa. Basi igawe kazi iwe ya nusu saa, na kila nusu saa iishie mahali unapoweza kuacha bila kitu kuharibika.

Sisi tulikwenda hivi. Nusu saa ya kwanza ilikuwa kuosha: maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa kilichokamuliwa, kisha ikauke kivulini. Ya pili, kufungua miguu. Mtoto mkubwa alipewa bisibisi na kopo, kila skrubu inaingia kwenye kopo, na kila mguu ukaandikwa namba kwa chaki usije ukarudi pasipo pake. Wa pili kazi yake ilikuwa kushika tochi na kuuliza maswali. Wa mwisho alikuwa ndani na bibi, mlango umefungwa. Mtoto wa miaka miwili na vifaa vya useremala havikai uwanja mmoja.

Ya tatu, kukwangua gundi ya zamani kwenye ndimi na matundu. Gundi mpya haishiki juu ya gundi kuukuu, inashika mbao. Ya nne, kuunga. Hapa tulimwita fundi seremala, maana kuna kazi ya kujaribu na kuna kazi ya fundi, na mguu wa meza ni kazi ya fundi. Huna vibano? Fundi wetu hakuwa navyo vya kutosha. Alichukua mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, akaukata mikanda mirefu, akaizungusha kwenye miguu akikaza kila mzunguko. Ukaumana mpaka gundi ikavuja pembeni, akaifuta na kitambaa chenye maji. Halafu hatukuigusa mpaka kesho yake.

Angalizo kwa sisi wa nyanda za juu: gundi nyeupe ya mbao haipendi baridi. Ukiipaka jioni ya Julai, wakati usiku umande unaganda kuwa barafu juu ya majani, inakauka kama chaki na haishiki. Unga saa sita mchana, kisha ingiza ndani. Vanishi nayo ni hivyo hivyo. Ukiipaka kwenye ukungu au jioni yenye unyevu inaota weupe kama maziwa. Sisi tulisubiri Septemba, jua likiwa limechangamka na mvua haijaanza. Saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, basi.

Nusu saa nne zilizofuata zilikuwa za msasa. Neno msasa lenyewe ni jina la mmea wenye majani yanayokwaruza, watu waliyatumia kusugulia mbao. Wa dukani unakwenda kwa namba: anza na 80 kuondoa madoa ya sufuria, kisha 120, malizia na 220. Ufunge kwenye kipande cha mbao ili usichimbe mashimo kwa vidole, na usugue kwa kufuata nyuzi za mti, si kuzikata. Funika pua, vumbi la mninga linawasha wengine mpaka wanapiga chafya siku mbili.

Chini ya meza hatukupiga msasa. Fundi alitaka pande zote mbili zipate vanishi, kwa sababu ubao uliopakwa upande mmoja tu unanywa unyevu upande wa pili na kupinda. Ana haki. Tukakubaliana: chini apangusie vumbi tu, apake vanishi isiyo na rangi polepole juu ya penseli. Hesabu ya 1988 iko palepale, na sasa hata mtoto akiipitishia mkono haifutiki.

Juu tulipaka mara tatu, nyembamba, kila moja ikikauka usiku mzima, na katikati msasa mlaini wa 320 kidogo tu. Tabaka tatu nyembamba zinashinda moja nene. Nene inakauka juu, ndani inabaki mbichi, na daftari la mtoto linaganda.

Tulitumia wikiendi sita. Hakuna siku tuliyolala njaa kwa sababu mama anapiga msasa.

HAPA USILETE MCHEZO

Nyumba yenye watoto ina sheria zake. Rangi ya zamani, hasa ile isiyojulikana ilipakwa lini, inaweza kuwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, kwenye ubongo. Kwa hiyo kabati lenye rangi kuukuu usilisugue kavu vumbi likaruka uani watoto wanacheza. Tumia msasa wa maji, lowanisha, futa tope lake kwa kitambaa, kitupe, nawa mikono. Na vipande vya mbao yenye rangi usivipeleke jikoni kuwa kuni.

Tina na vanishi vinashika moto upesi. Najua baridi yetu inashawishi: unasema niingize meza ndani, niwashe jiko la mkaa, ikauke haraka. Acha kabisa! Mvuke wa tina na moto ni mtu na mkwewe, havikai chumba kimoja. Na jiko la mkaa lenyewe kwenye chumba kilichofungwa linatoa hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Kukauka kwa meza hakuna haraka ya kufa.

HESABU YA MFUKONI

Najua unasubiri hapa. Karatasi za msasa nane, sh. 8,000. Gundi, sh. 6,000. Vanishi, sh. 18,000. Tina, sh. 5,000. Brashi, sh. 3,000. Fundi, sh. 35,000. Pikapu, sh. 15,000. Jumla sh. 90,000. Bei za kwenu ulizia kwenu, mimi nakupa za kwetu za mwaka jana. Nusu ya hela ya yule mnunuzi imetoka mfukoni badala ya kuingia, ni kweli. Lakini meza ya mninga mpya ya ukubwa ule sikuthubutu hata kuulizia, na sh. 180,000 tungekuwa tumeshazila kabla ya Krismasi.

Tena sikudanganyi kwamba kila kitu cha zamani kinafaa. Cha paina kilicholegea kila mahali, kiache, kukikarabati ni ghali kuliko kununua. Kilichotengenezwa kwa mbao za kubandika za unga wa mbao kikishanywa maji kimevimba, hakirudi. Na mninga ukikutana nao umepakwa rangi, vua rangi. Najua siku hizi fasheni ni nyeupe kila mahali, kabati jeupe, meza nyeupe. Paina ipake utakavyo. Lakini kuupaka mninga rangi nyeupe, hapo mimi na wewe tutagombana.

Mtihani ulipita salama, mtoto yuko darasa la tano. Sasa ugomvi uliobaki nyumbani ni wa nani anakaa upande wa dirishani, na nani kamwaga uji. Bibi akija kliniki anakaa kichwani mwa meza bila kuulizwa. Baba watoto amekataza sufuria ya moto kuwekwa bila kitambaa chini, na sheria hiyo inamhusu kila mtu isipokuwa bibi.

Kwa hiyo wewe uliyepanga chumba, usione haya. Beba kabati lako mchana kweupe. Ila kabla hujalipa, lipindue, lipige tochi, ligonge, na jipe nusu saa zako za kulitengeneza. Na kama kijijini kwenu kuna kitu cha marehemu kinakula vumbi stoo, kalieni kikao mapema mjue nani atakitumia, kabla hajapita mtu mwenye pikapu na hela mkononi.

Nafasi imekwisha, mhariri ananikunjia uso. Wiki ijayo panapo majaliwa tutaongelea yule mgeni anayekuja kulala siku tatu, akaishia kujua sukari inafichwa wapi. Usikose nakala yako. Kamwene!